Usiku wa Kuamkia Jumamosi: Niliyojifunza Kuhusu Kujiandaa kwa Safari

Leo naomba niweke kando kidogo mambo ya kuandika programu, nizungumze kuhusu safari. Ama pengine siyaweki kando kabisa, maana kosa nitakalowasimulia ni kosa la mtu wa kompyuta. Tena ni mtu ambaye kazini analipwa mshahara ili azuie makosa ya aina hiyohiyo.

Mwaka wa 2019 mamkubwa wangu, dada yake mama, alikuwa mgonjwa mjini Muscat, Oman. Ameishi huko tangu alipoolewa, na mama huku Mombasa. Madaktari walikuwa wamepanga kumfanyia upasuaji siku ya Jumapili asubuhi. Mama alisema hataki kingine, anataka tu awe ameketi kando ya kitanda cha dadake kabla hajaingizwa ndani. Mimi naishi Nairobi. Kazi ya kupanga safari nikapewa mimi. "Wewe ndiwe mtu wa mitambo," mama akaniambia.

Nilipanga kila kitu nikiwa nimeketi kitini. Viza kwa mtandao, tiketi ya ndege kwa mtandao, tiketi ya treni ya kumtoa Mombasa kwa simu. Nilijiona fundi kwelikweli! Tiketi ya ndege ilisema inaondoka Nairobi Jumamosi, 00:40. Nikampigia mama simu: "Mama, unasafiri Jumamosi usiku, saa sita na dakika arobaini." Akasema, "Haya mwanangu, Mungu akubariki." Nikamkatia treni ya Jumamosi asubuhi, ili afike Nairobi mchana, ale, apumzike kwangu, kisha nimpeleke uwanjani.

Je, mmeliona kosa? Mimi sikuliona.

Jumamosi saa nne usiku tulikuwa mbele ya kaunta pale uwanja wa Jomo Kenyatta. Yule dada wa kaunta aliitazama karatasi, akatutazama, akaitazama karatasi tena. Akasema kwa upole, "Ndege hii iliondoka usiku wa kuamkia leo." Jumamosi saa 00:40 ni dakika arobaini tu baada ya Ijumaa kwisha. Ndege ilipokuwa inaruka, mama alikuwa kitandani Mombasa, nguo za safari zimeshakunjwa zinangoja asubuhi.

Mama hakunikaripia. Laiti angenikaripia! Aliketi kwenye kiti cha chuma, mkoba mapajani, akaniuliza: "Sasa dadangu ataingia bila kuniona?" Sikuwa na jibu.

Tiketi ile ilikuwa imekufa, ya kwenda na ya kurudi, maana ukikosa sehemu ya kwanza ya safari kwa kawaida na zilizobaki hufutwa. Ndege ya karibu niliyoimudu ilikuwa ya Jumatatu. Mama alifika Muscat Jumanne. Upasuaji ulikuwa umefanyika Jumapili kama ulivyopangwa, na tunamshukuru Mungu mamkubwa alipona. Lakini neno lake la kwanza alipomwona mama lilikuwa moja tu: "Nilikungoja."

Neno hilo mama aliniambia baadaye sana, bila nia ya kuniumiza. Liliniuma hata hivyo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiandaa safari jinsi ninavyoiandaa programu kabla ya kuikabidhi kwa mteja. Haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza. Mengine nimejifunza kwa makosa yangu, mengine kwa makosa ya marafiki.

SAA, TENA SAA

Tuanze na kosa lenyewe. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna saa mbili kichwani. Tunahesabu kuanzia alfajiri na kuanzia magharibi, kwa hivyo saa mbili asubuhi ni 8:00 kwenye tiketi. Hilo wengi tunaliweza, tumelizoea tangu shule. Kinachotunasa ni tarehe. Kwenye tiketi siku hubadilika saa 00:00. Kwa wazee wetu wa pwani siku huanza jua linapotua, ndiyo maana mzee akikwambia "usiku wa Ijumaa" ana maana ya ule usiku baada ya Alhamisi. Na kwa vijana wa mjini kama mimi, siku huisha tunapolala. Hizo ni siku tatu tofauti zenye jina moja!

Wiki kadhaa baada ya mkasa ule mama aliniambia, "Ungeniambia ni usiku wa kuamkia Jumamosi, ningekuja Ijumaa." Nilinyamaza. Kiswahili tayari kilikuwa na neno sahihi kabisa, neno ambalo haliwezi kueleweka vibaya, na mimi mtaalamu sikulitumia. Nilichukua "Sat 0040", nikaigeuza kwa mdomo, na mara tu nilipoigeuza mimi mwenyewe nikaanza kuamini maneno yangu badala ya tiketi. Kwenye kompyuta tuna kanuni: hifadhi saa kwa namna moja tu isiyo na utata, uigeuze pale tu unapomwonyesha mtu. Kanuni hiyo naijua. Nimewahi kuwafundisha wengine. Lakini ratiba ya mama niliiandika kwa mkono kwenye kalenda ya simu, kutokana na nilichokikumbuka.

Kwa hivyo siku hizi nafanya hivi. Safari yoyote inayoanza kati ya saa sita usiku na alfajiri naiandika mara mbili: kama ilivyo kwenye tiketi, halafu kwa maneno, "usiku wa kuamkia" siku fulani. Na juu ya yote naandika saa ya KUTOKA NYUMBANI, wala si saa ya ndege tu. Mtu akijua kwamba anatoka nyumbani Ijumaa saa mbili usiku, hata akisahau saa ya ndege atakuwa salama.

Jambo jingine: saa zilizo kwenye tiketi ni za mahali husika. Saa ya kuondoka ni ya unakotoka, saa ya kufika ni ya unakofika. Ukiona unaondoka Nairobi 16:00 na kufika Dubai 22:00, safari si ya saa sita, ni ya saa tano, kwa kuwa Dubai na Muscat wako mbele yetu kwa saa moja. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja, sawa na Johannesburg. Kinshasa wako nyuma kwa saa mbili. Kampala na Dar es Salaam tuko pamoja. London wako nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa joto, kwani Ulaya hubadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kama una mkutano au ndege ya kubadilisha wikendi hizo, fungua macho.

Na Ethiopia je? Saa ya ukanda ni moja na yetu, lakini wenyeji nao huhesabu kuanzia alfajiri kama Waswahili, na kalenda yao ina miezi 13. Mswahili akifika Addis Ababa anajisikia nyumbani, mpaka aambiwe basi linaondoka saa mbili. Muulize: kwa saa ipi?

JINA LAKO NI LILE LA CHINI

Fungua pasipoti yako kwenye ukurasa wa picha. Chini kabisa utaona mistari miwili ya herufi kubwa, namba na alama zinazofanana na ncha za mshale. Kila mstari una nafasi 44, si zaidi wala si pungufu. Hiyo ndiyo sehemu inayosomwa na mashine. Mstari wa kwanza una nchi na majina yako, la ukoo likitangulia. Wa pili una namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya mwisho ya pasipoti na kadhalika.

Kwa wapenda hesabu, kuna jambo tamu hapo. Namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho kila moja inafuatwa na tarakimu ya kukagua. Unazidisha herufi ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, kisha unarudia 7, 3, 1 mpaka mwisho (A huhesabiwa kuwa 10, B 11, hadi Z 35). Jumlisha zote, gawanya kwa 10, kile kinachobaki ndicho tarakimu ya kukagua. Mashine ikisoma vibaya herufi moja, kwa kawaida hesabu inakataa na mashine inajua imekosea. Jaribu kwa pasipoti yako mwenyewe jioni moja, utafurahi!

Lakini faida kubwa kwa msafiri ni hii: nakili jina la tiketi kutoka mistari ile ya chini. Sisi Wakenya tuna majina matatu, na kila fomu tunaipanga tunavyojisikia siku hiyo. Tena tuna kina Ng'ang'a na Wang'ombe. Ile alama ya ng' haipo kabisa katika sehemu ya mashine. Ng'ang'a huandikwa NGANGA. Mifumo ya tiketi nayo mingi haiikubali. Usiibadilishe na nafasi tupu ukalikata jina vipande viwili. Jina la utani na jina la ubatizo ambalo halimo kwenye pasipoti, yaache nyumbani.

Na ukiwa umeifungua pasipoti hapo, tazama tarehe ya mwisho. Nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa angalau miezi sita tangu siku utakayoingia. Pasipoti inayokwisha baada ya miezi mitano bado ni nzima machoni pako, lakini kwenye kaunta ni karatasi tu.

Kwa majirani mambo ni mepesi zaidi. Tangu 2014 Mkenya anaweza kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Lakini kitambulisho kilichopasuka katikati na kushikiliwa kwa utepe, jamani, kitakutia aibu mpakani.

SIKU KUMI ZA CHANJO

Hili lilimpata mwenzangu kazini. Tangu Januari 2023 Wakenya hawahitaji viza kwenda Afrika Kusini kwa ziara za hadi siku 90 kwa mwaka. Jamaa alifurahi, akaona hakuna tena la kuandaa. Alikuwa na mkutano Johannesburg siku ya Jumatatu. Alhamisi ndipo mtu alipomkumbusha kuhusu cheti cha homa ya manjano. Akakimbia kuchanjwa siku hiyohiyo, akarudi na kile kijitabu cha manjano akikipepea kama bendera.

Tatizo ni kwamba cheti hicho huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa. Mwili unahitaji muda wa kujenga kinga, na sheria za kimataifa zinafuata mwili, hazifuati ratiba ya mkutano. Hakusafiri. Alihutubia mkutano kupitia kompyuta, akiwa sebuleni, jirani akipasua kuni.

Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Zamani kilikuwa cha miaka 10. Ukichanjwa mara moja, umemaliza. Kwa hivyo usingoje safari. Kichanjie sasa, kitie ndani ya pasipoti, kikae humo. Uganda, Tanzania, India na nchi nyingine kadhaa huweza kukiulizia mtu atokaye kwetu.

Fundisho ni pana kuliko chanjo. Katika maandalizi kuna mambo ya kufanya, na kuna mambo ya KUNGOJA. Ya kufanya unaweza kuyaharakisha kwa kukosa usingizi. Ya kungoja huwezi: chanjo, viza, pasipoti mpya, kadi mpya ya benki. Orodha yangu siku hizi huanza na ya kungoja. Ya kufunga sanduku huja mwisho.

UMEME NA BETRI

Hapa ndipo sisi watu wa vifaa tunapojidai, na hapa ndipo tunaponaswa.

Plagi yetu ya Kenya ya meno matatu bapa ni ya Kiingereza. Itaingia bila shida Uganda, Oman, Falme za Kiarabu na Uingereza, na sehemu nyingi za Tanzania. Afrika Kusini utakuta tundu tatu kubwa za mviringo, na plagi yako itakutazama tu. Rwanda na Ethiopia wana meno mawili ya mviringo. Marekani wana mawili bapa madogo, na umeme wao ni volti 120, nusu ya wetu wa 240.

Je, kifaa kitaungua? Soma maandishi madogo kwenye chaja. Ikiwa yanasema 100-240V, 50/60Hz, unahitaji adapta tu ya kubadilisha umbo la plagi. Chaja za simu na za vipakatalishi karibu zote ziko hivyo. Pasi na mashine ya kukausha nywele mara nyingi haziko hivyo, ziache nyumbani.

Sasa ile betri ya akiba ya kuchajia simu, pawabenki. Kanuni ya kwanza: ni ya mkononi, kamwe si ya sanduku unalokabidhi. Betri za lithiamu zikishika moto ndani ya chumba cha abiria watu wataona na kuzima. Ndani ya chumba cha mizigo hakuna mtu. Kanuni ya pili ni ukubwa. Mpaka hupimwa kwa wati-saa: chini ya 100 kwa kawaida unaruhusiwa, kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, zaidi ya hapo hapana. Lakini betri hutangazwa kwa mAh. Hesabu ni rahisi: mAh mara 3.7, gawanya kwa 1000. Betri ya 20,000 mAh ni wati-saa 74, pita. Ya 30,000 ni 111, hapo utaulizwa. Tena tangu 2025 mashirika kadhaa yamekataza hata kuzitumia ndani ya ndege, kwa hivyo chaji simu yako kabla ya kupanda.

LAINI, NYWILA NA PESA

Rafiki yangu mmoja alifika ughaibuni, akatoa laini yake ya Kenya, akaweka ya huko, akaitupa ile ya nyumbani ndani ya begi. Jioni akataka kuingia kwenye akaunti ya benki. Benki ikamtumia namba ya siri kwa ujumbe mfupi... kwa laini iliyo ndani ya begi. Akaitafuta usiku kucha. Laini ni kitu kidogo kama ukucha, na begi ni kubwa.

Kabla ya kuondoka, jiulize: nikipoteza simu hii leo, nini kinakufa pamoja nayo? Kwa wengi wetu jibu ni kila kitu: pesa, tiketi, barua pepe, ramani, namba za watu. Kwa lugha ya kazi yetu, hapo una mahali pamoja pakivunjika mfumo mzima unaanguka.

Kwa hivyo, kwanza, iache laini yako ya Kenya ndani ya simu, hata ukizima data yake, ili ipokee ujumbe mfupi. Uliza mapema kama itafanya kazi huko na kwa bei gani. Pili, pale akaunti inaporuhusu, tumia programu ya kuzalisha misimbo badala ya ujumbe mfupi. Programu hizo hazihitaji mtandao wala laini. Huchukua siri iliyohifadhiwa kwenye simu pamoja na saa ya sasa, zikakokotoa tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30. Mmeona? Saa tena! Ukifika nchi nyingine na kuirekebisha saa ya simu kwa mkono badala ya kubadilisha ukanda wa saa, misimbo itakataliwa, kwa kuwa simu sasa inaamini wakati usio wa kweli. Iache simu ijirekebishe yenyewe. Tatu, ile misimbo ya akiba unayopewa unapofungua huduma hii, iandike kwenye karatasi, uiweke mbali na simu.

Pesa nazo ni hivyo. M-Pesa imetuharibu tangu 2007, tumezoea kutembea mikono mitupu. Ukivuka mpaka, huenda mwenye duka asiipokee. Beba kadi mbili na uziweke sehemu mbili, na noti kidogo sehemu ya tatu. Akiba haiozi.

Na karatasi. Ndiyo, mimi mwandishi wa programu nachapisha tiketi yangu. Napiga pia picha ya ukurasa wa pasipoti, nakala moja simuni, moja mahali ninapoweza kuifikia kwa kompyuta ya mtu mwingine, na moja kwa ndugu ninayemwamini. Ramani za mji napakua kabla, kwa programu inayofanya kazi bila mtandao. Anwani ya ninakolala naiandika kwa mkono, kwa lugha ya wenyeji ikiwezekana, maana dereva wa teksi saa nane za usiku hangojei simu yako ipate mtandao.

USIDHARAU SAFARI YA NDANI

Tunajiandaa wiki tatu kwenda Dubai, kisha tunaamka tu asubuhi na kwenda Lamu. Kumbe safari ya ndani ina mitego yake.

Treni ya Nairobi hadi Mombasa ilianza mwaka wa 2017 na huchukua kama saa tano hadi sita. Lakini kituo cha Nairobi kiko Syokimau, si katikati ya mji, na cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa. Tiketi huandikwa kwa namba ya kitambulisho, na mizigo hukaguliwa kwanza, tena kwa mbwa. Ukifika dakika kumi kabla, utaipungia mkono. Saa ya safari yako haianzi treni inapoondoka, huanza foleni ya Mombasa Road inapokushika.

Kwa ndege za ndani, tazama uwanja. Nyingine huondoka Jomo Kenyatta, nyingine Wilson. Viwili hivyo vyote viko Nairobi, lakini ukiwa kwenye kiwanja kisicho chako, ni kama uko mji mwingine.

Na ukienda Lamu, ndege hutua kisiwa cha Manda, na barabara huishia Mokowe. Kote kuwili unamalizia kwa mashua. Ndani ya mji wa kale vichochoro ni vya watu na punda, sanduku la magurudumu halina kazi. Beba unachoweza kukiinua kichwani au mgongoni, na simu na kompyuta zitie kwenye mfuko usiopenya maji. Mashine za kutolea pesa ni chache, kwa hivyo toa kabla.

MTU WA PILI ASOME

Kazini kwetu hakuna mtu anayeruhusiwa kuachilia programu kabla ya mwenzake kuisoma. Si kwa sababu wewe ni mjinga. Ni kwa sababu jicho lililoandika haliwezi kuona kosa lake. Linaona kile lilichokusudia kuandika. Mimi niliitazama tiketi ya mama si chini ya mara kumi. Kila mara niliona "Jumamosi usiku". Mtu mwingine yeyote angeitazama mara moja tu angeona.

Kwa hivyo kanuni yangu ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, nayo haihitaji kifaa chochote. Mpe mtu tiketi yenyewe, usimpe maelezo yako. Mwombe akwambie yeye, kwa maneno yake: unatoka nyumbani siku gani, saa ngapi, unapanda wapi, unafika lini. Majibu yenu yakitofautiana, msilale kabla hamjajua ni nani amekosea.

Mama alisafiri tena mwaka wa 2023, safari hii kwa furaha, harusi ya mjukuu wa mamkubwa. Ndege ilikuwa ya saa tisa usiku. Nilimchapishia karatasi moja kwa herufi kubwa, mstari wa kwanza ukisema: TOKA NYUMBANI KWA MWANAO ALHAMISI SAA NNE USIKU. NDEGE NI USIKU WA KUAMKIA IJUMAA. Nilimtumia na tiketi yenyewe kando. Kisha nikampigia simu nikamwomba anisomee.

Akavaa miwani. Nilisikia karatasi ikikunjuliwa. Akaisoma tiketi, si karatasi yangu, polepole, siku na tarehe na saa. Akanyamaza kidogo.

"Haya baba," akasema. "Safari hii umeandika kama mtu mwenye mama."

Nilicheka, naye akacheka. Alhamisi saa nne kamili alikuwa ameketi sebuleni kwangu na mkoba mapajani. Ijumaa mchana alinipigia simu kutoka Muscat, na nyuma yake nilimsikia mamkubwa akiuliza ni nani huyo.

Haya ndugu zangu, kwa leo ni hayo. Safari njema, na msomeane tiketi.